Karatasi ya Fedha Chini ya Kiti

Roza alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki akimenya ncha ya waya kwa kisu, huku baba yake mdogo, Malimi, akikaza taa ya tatu kwenye chuma cha mbele. Karibu kila jioni, ng'ombe wakisharudi zizini, wawili hawa walikuwa na kazi ya namna hiyo.

"Usikate nyuzi za ndani," Malimi alisema. "Menya ganda tu, kama unavyomenya muwa."

"Najua, baba mdogo."

"Najua kwamba unajua. Nasema ili pikipiki isikie."

Roza alicheka. Alikuwa na miaka kumi na minne na vidole vyepesi, na pale kijijini, mbugani mbali kidogo na Rujewa, hakukuwa na mtu mwingine ambaye Malimi angemwachia nyaya zake.

Pikipiki hiyo Malimi aliinunua mwaka uliopita, baada ya kuliuza dume lake kubwa lililokuwa likitangulia kundi tangu walipohama kutoka kaskazini. Dume lilipoondoka, kengele yake ilibaki. Malimi aliifunga mbele ya pikipiki, juu ya taa, kwa kipande cha bati na skrubu mbili, na pikipiki nayo akaiita Dume. Tangu hapo hakuacha kuipamba. Iliongezwa taa mbili za pembeni, kisha honi kubwa ya gari. Mwisho ikaja redio ya kaseti, aliyoletewa na binamu yake kutoka Dar es Salaam. Redio ilihitaji mawe manne makubwa ya betri, na mawe yalikuwa adimu, kwa hiyo Malimi aliiunganisha na betri ya pikipiki.

"Haya, tuone uzuri wa Dume," alisema, akazungusha ufunguo.

Taa tatu ziliwaka. Redio ikaanza kuimba. Halafu, kabla mwimbaji hajamaliza neno la pili, kila kitu kikazima.

"Fyuzi tena!" Malimi alipiga paja. "Ya tatu wiki hii!"

Roza aliinua kiti, akaichomoa fyuzi. Ilikuwa kijibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani yake. Umeme ukizidi, uzi ule hukatika, na umeme hauendi popote. Sasa kioo kilikuwa cheusi.

"Fyuzi za siku hizi ni dhaifu," Malimi alisema. "Mtu akipiga chafya, zimekatika. Chukua baiskeli, mwanangu, kimbia Rujewa kabla duka halijafungwa. Bila fyuzi Dume haliwaki, na kesho lazima tutoke."

Roza alijua vizuri kwa nini lazima watoke. Alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya wasichana huko Iringa, yeye peke yake katika darasa lao. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asiyeripoti Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Kesho ilikuwa Jumamosi. Mvua za Januari zilikuwa zimeanza, basi halikufika kijijini kwao hata wakati wa kiangazi, na siku hizo hata Rujewa hakukuwa na basi la kutegemea. Njia pekee ya kutoka ilikuwa mgongo wa Dume.

Muuza duka wa Rujewa aliigeuzageuza ile fyuzi iliyoungua, akatikisa kichwa.

"Za aina hii zimekwisha. Gari la mizigo litakuja Jumanne."

"Jumanne?"

"Jumanne. Na mwambie mzee wako, fyuzi ikikatika mara tatu, kuna kitu kinaikata. Asitafute fyuzi. Akitafute hicho kitu."

Roza alitoka nje, akasimama kando ya baiskeli yake. Kurudi na maneno hayo kulikuwa sawa na kusema safari haipo. Malimi angeanza kupekua nyaya, moja baada ya nyingine, na Jumatatu ingepita wangali wanapekua. Chini, karibu na mguu wake, kulikuwa na pakiti tupu ya sigara. Ndani yake karatasi ya fedha, ile laini ya kufungia sigara, iling'aa. Vijana wa Rujewa waliitumia kila siku. Waliizungushia fyuzi iliyokufa, na umeme ukapita kama kawaida. Roza aliiokota.

Alipofika nyumbani, Malimi alikuwa anakamua. Roza alienda moja kwa moja kwenye pikipiki, akaizungushia fyuzi nyeusi ile karatasi, akaisukuma mahali pake na kufunga kiti. Alizungusha ufunguo. Taa ziliwaka, redio ikaimba, na safari hii haikukatika.

"Umeipata!" Malimi aliita kutoka zizini.

"Nimeipata," Roza alisema.

"Mpya?"

"Mpya."

Malimi alikuja na ndoo ya maziwa mkononi, uso wote unacheka. "Nilisema mimi! Huyu ndiye fundi wangu!" Akamwambia mama yake Roza, akawaambia na majirani. Kila alipolisema neno hilo, Roza aliinamisha macho.

*

Asubuhi walikuta Mwinjilisti Fanueli anawasubiri njiani, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa mtu wa Iringa, mpole, wa maneno machache, ambaye kila mwezi alizunguka mbuga ile akitembelea sharika za Kilutheri. Watu wenye pikipiki walikuwa na desturi ya kutosafiri mbali peke yao. Walikwenda wawili wawili, ili mmoja akikwama, mwingine awepo. Pikipiki ya Fanueli ilikuwa ndogo mno, ya kiti kimoja. Nyuma palikuwa na sanduku la mbao na kopo la maziwa ya unga alimowekea vyombo vyake vya ufundi.

"Shikamoo, Mwinjilisti," Roza aliamkia.

"Marahaba, binti. Ndiyo siku yenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwinjilisti, hicho cherehani chako kitafika?" Malimi alimtania.

"Cherehani hakina haraka," Fanueli alijibu. "Lakini kinashona mpaka mwisho wa nguo."

Walikwenda vizuri. Malimi alipiga honi kwa kila aliyepita, akawasha redio ingawa mvua ilikuwa inanyunya, akawasha na taa zote tatu mchana kweupe. Roza alikaa nyuma yake, sanduku lake la bati limefungwa pembeni. Kijito cha kwanza walikivuka maji yakiwa chini ya goti. Mbele yake njia ilipanda kwenye kinyanyuko cha ardhi chenye dungu la kulindia mpunga, kisha ikashuka kwenye kijito cha pili. Baada ya hapo palibaki njia nzuri hadi barabara kuu pale Igawa, na kutoka Igawa ni lami tupu mpaka Iringa.

Walipokuwa wanashuka kwenye kijito cha pili, Roza alisikia harufu ya mpira unaoungua. Ilikuja mara moja, mvua ikaifuta. Alifungua mdomo, akaufunga. Gurudumu la mbele liligusa maji, redio ikanyamaza, taa zikafa, na injini ikazima.

"Kanyaga kiki!" Malimi alijiambia mwenyewe, akakanyaga. Akakanyaga tena na tena. Dume halikukohoa hata mara moja.

Maji ya kijito yalikuwa mekundu na yanapanda. Waliivuta pikipiki kinyumenyume hadi kwenye dungu, wote watatu, matope yakiwashika miguu. Fanueli akarudi kuangalia kijito cha kwanza. Alipokuja, alivua kofia na kuikung'uta.

"Nyuma nako kumefunga," alisema. "Mvua imenyesha huko milimani. Tulipopita ni kifuani sasa."

Roza alitazama pande zote. Kushoto mpunga na maji, kulia mpunga na maji, nyuma mto, mbele mto. Kipande cha ardhi walichosimama hakikuzidi uwanja wa shule yao.

"Haya maji hupanda haraka, hushuka haraka," Malimi alisema. "Mvua ikikatika leo, kesho alfajiri tutapita. Lakini tusipopita alfajiri ile, jua likipanda mvua ya milimani inarudi, mto unafunga tena." Siku hizo, ili kubana matumizi ya petroli, magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, na Malimi hakutaka kubishana na trafiki kama pikipiki nayo ni gari au si gari. "Alfajiri, basi. Kabla ya hapo Dume lazima liwe hai."

Roza alichukua mti mwembamba, akauchomeka ukingoni pale maji yalipoishia, ili waone kama yanapanda au yanashuka. Mikono yake ilitaka kazi yoyote, ilimradi si ile ya kuinua kiti.

Fanueli alitandika kitambaa chini ya dungu, akapanga vyombo vyake kutoka kwenye kopo: koleo, bisibisi mbili, utepe wa kufungia nyaya, na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Alizigusisha nyaya zile kwenye betri. Balbu ikawaka.

"Betri nzima," alisema polepole. "Taa hazina umeme, honi haina, injini haina. Basi umeme unapotelea njiani. Kati ya betri na vitu hivi kuna fyuzi na swichi ya ufunguo. Fyuzi mliiangalia lini?"

"Jana," Malimi alijibu upesi. "Mpya kabisa. Roza ameinunua Rujewa na kuiweka kwa mkono wake."

Fanueli alimtazama Roza. "Mpya, binti?"

Hapo ndipo pangekuwa rahisi kusema kweli. Lakini Malimi alikuwa ameweka mkono begani kwake, kwa fahari, na mkono ule ulikuwa mzito kama gunia.

"Mpya," Roza alisema.

"Vizuri. Basi tusipoteze muda huko. Ni swichi, imeingia maji."

Swichi ilikuwa ndani ya taa kubwa ya mbele. Ili kuifikia walifungua kioo na skrubu nne zilizoshika kutu. Fanueli hakuharakisha chochote. Kila skrubu aliiweka ndani ya kofia yake. Mvua ilipungua, ikaongezeka, ikapungua tena. Malimi alishikilia koti juu ya kazi kama mwavuli, akisimulia jinsi watakavyoingia Iringa wakipiga honi kilima kizima.

Roza alisimama nyuma yao. Aliwaza kwamba huenda kweli ni swichi. Kisha akakumbuka ile harufu. Akawaza kwamba watu wawili wazima wanatafuta kitu kilichopotea mahali ambapo hakipo, na yeye ndiye aliyewaelekeza huko. Akisema sasa, wataona alivyowadanganya mara mbili. Asiposema, atakaa kwenye kisiwa hiki mpaka Jumatatu ipite. Kwenda mbele hakuwezi, na kurudi nyuma hakuwezi, sawasawa na pikipiki yenyewe.

"Taratibu hapa," Fanueli alisema. "Ndani kuna springi ndogo."

Kabla hajamaliza kusema, springi iliruka. Waliiona ikimetameta hewani, kisha ikaanguka kwenye dimbwi. Malimi alitupa koti, akapiga magoti kwenye matope na kuanza kupapasa. Alipapasa kwa mikono yote miwili, shati lake la safari likalowa hadi kwapani, na bado alikuwa anatania: "Springi, mama yangu, toka. Toka nikupe maziwa."

Fanueli aliitazama swichi iliyokuwa wazi, akapumua. "Bila springi haitashika. Itabidi nizikate nyaya zote hapa, nijaribu kuziunganisha upya. Nikizikata, sijui kama nitakumbuka ipi ni ya wapi. Lakini naona hatuna njia nyingine." Akachukua koleo.

"Mwinjilisti, usikate," Roza alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Si swichi. Fyuzi si mpya. Fyuzi zilikwisha dukani. Niliizungushia karatasi ya sigara." Akaendelea haraka, kabla moyo haujamgeuka. "Na muuza duka alisema kuna kitu kinazikata, tukitafute, na mimi sikusema. Na tuliposhuka pale nilisikia harufu ya mpira, nikanyamaza."

Malimi alibaki magotini, maji yanachuruzika kwenye viwiko. Kisha alisema, bila kupaza sauti, "Niliuliza. Nilikuuliza, Roza. 'Mpya?' nikasema. Na Mwinjilisti akakuuliza."

"Niliogopa safari itavunjika."

"Na sasa imefanya nini?"

Roza alianza kulia. Fanueli aliweka koleo chini.

"Kulia baadaye," alisema kwa upole. "Mwanga huu ni wetu kwa muda mfupi. Njoo uinue kiti mwenyewe, utuonyeshe."

Roza aliinua kiti. Nyumba ya fyuzi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na karatasi ya fedha imeganda humo kama ngozi. Kutoka pale Fanueli alimwambia aufuate waya kwa kidole, asiruke hata sehemu moja. Aliufuata chini ya kiti, akaufuata chini ya tangi. Hapo ganda lilikuwa limegeuka jivu laini, na ndani yake nyuzi zilikuwa zimekatika. Aliendelea kwa waya wa redio ulioungana nao, mpaka mbele, mpaka pale skrubu ya kengele ilipoingia kwenye bati. Ncha ya skrubu ilikuwa imeuchoma waya ule katikati.

"Hii hapa," alisema.

Malimi aliinama kutazama. Aliitambua skrubu yake mwenyewe. Alisugua uso kwa mkono wenye matope, na uso ukawa mchafu zaidi.

"Kengele yangu," alisema. "Wiki nzima ni kengele yangu ndiyo inakata fyuzi, na mimi nazitukana fyuzi."

"Tunaye mwizi mmoja na mlinzi mmoja," Fanueli alisema, "na tulimfunga mlinzi."

Kazi ilianza upya. Waliifungua kengele, wakaikata honi kubwa, redio na taa za pembeni, zote, wakabaki na zile nyaya ambazo pikipiki ilikuja nazo. Waya mrefu wa taa ya pembeni, ambao Roza mwenyewe alikuwa ameumenya jana, ukawekwa mahali pa ule ulioungua. Fanueli alimpa Roza ile balbu ndogo. Kila walipounganisha mahali, yeye alipima, akasema "Unafika" au "Haufiki," na hawakuendelea mpaka aseme. Mara moja alisema "Unafika," kisha akasita. "Sina hakika. Ngoja nipime tena." Malimi alimtazama, akangoja.

Mwishoni Fanueli alitoa kutoka ndani ya kopo lake kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na fyuzi moja, kioo chake cheupe.

"Sina nyingine," alisema, akamwekea Roza kiganjani. "Weka wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua sasa kazi yake."

Roza aliiweka. Kwa kuwa swichi haikuwa na springi, Fanueli alizishikanisha nyaya mbili kwa mkono na kuzifunga utepe. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye usukani. Malimi alikanyaga kiki mara ya kwanza, kimya. Akakanyaga mara ya pili, na Dume likakohoa, likatema maji na moshi, likanguruma. Ndege waliruka kutoka kwenye mpunga. Roza aliitazama fyuzi. Uzi wake mwembamba ulikuwa mzima.

Malimi aliiacha injini ingurume kidogo, akaizima. Kisha akachuchumaa mbele ya Roza, macho yao yakalingana.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimekosa na wewe umekosa. Nilitaka pikipiki iimbe kuliko nilivyotaka iende salama. Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako ni hili. Fyuzi ilipokatika, ilikuwa inatuambia kuna kosa mahali. Wewe uliinyamazisha, halafu na wewe ukanyamaza. Ungeniambia fyuzi zimekwisha, ningekasirika mpaka ugali uive, kisha tungeitafuta hii skrubu nyumbani, pakavu, tukiwa tumeshiba. Ukweli wako ungenichelewesha jioni moja. Uongo wako umetuweka katikati ya mito miwili."

"Nisamehe, baba mdogo. Nisamehe, Mwinjilisti."

"Nimekwisha kukusamehe," Fanueli alisema, akirudisha skrubu mahali pake moja moja. "Mimi nina la kwangu dogo. Niliuliza, nikajibiwa, nikaacha kuangalia. Iringa, wakikuuliza kitu, jibu lile unalolijua. Na kama hujui, sema hujui. Fundi, mwalimu au daktari atakayefanya kazi juu ya neno lako anahitaji liwe zima."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawingu, na skrubu hazikuonekana tena vizuri. Kioo cha taa kubwa kilikuwa bado chini, swichi haijafungwa, na waya mmoja wa taa ya nyuma ulining'inia bila kupimwa.

"Tuache," Fanueli alisema. "Nitakosea kwa giza. Yaliyobaki ni ya kesho, kukipambazuka."

Malimi aliichukua kengele ya dume, akaifuta matope kwa shati, na badala ya kuifunga kwenye pikipiki aliisukuma ndani ya sanduku la bati, katikati ya sare za shule. "Itakaa huko kwanza," alisema. "Ukiniona naitafuta, nikumbushe."

Roza alishuka ukingoni kuangalia mti wake. Mvua ilikuwa imekatika. Alitafuta mahali maji yalipokuwa mchana, akapaona, na kati ya mti na maji sasa palikuwa na matope matupu, mapana kiasi cha mtu kulala.

"Yanashuka!" aliita.

"Una hakika?" Malimi aliuliza kutoka kwenye dungu.

Roza aliinama, akaweka mkono kwenye yale matope, akatazama tena.

"Nina hakika," alisema.

"Basi njoo ule," Malimi alisema. "Kesho utashika balbu."